Bakuli Lisilo na Jina

Jumapili asubuhi Ruthanne Tolliver alilifungia bakuli mkanda kwenye kiti cha abiria, kama mtoto, maana barabara ya kuingia Cutler Springs ina mashimo na yeye hakuwa na nguvu ya kuokota vioo. Usingizi alikuwa ameuona mara ya mwisho Ijumaa. Mpelelezi wa kaunti yetu ni mmoja tu, ndiye yeye, na kaunti ikiamua kuharibikiwa mwisho wa wiki, haimuulizi kama magoti yanamuuma.

Sherifu Garland Pell alikuwa anamngoja kwenye maegesho ya kanisa la Methodisti la Shiloh, pingu zikining'inia kidoleni. Ndani walishaanza kujaribu kinanda.

"Umekuja na kifungua kinywa?" aliuliza, akichungulia dirishani.

"Nimekuja na kielelezo."

"Hilo ni bakuli, Ruthanne."

"Najua ni bakuli. Nimeliosha ndani mwenyewe."

Garland aliweka viwiko kwenye dirisha la gari akapiga miayo, naye Ruthanne akaambukizwa. Walipiga miayo pamoja kama mtu na mkewe.

"Mgeni siku mbili," Garland alisema. "Ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo ya tatu. Niache nimpe Lackland jembe lake, twende tukalale."

"Hollis amesema lolote?"

"Hospitali wamesema amefumbua macho alfajiri, akayafumba. Hajatoa neno."

Hollis Braddock alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Ijumaa alimpokea mgeni nyumbani kwake, kama walivyofanya washirika wengi wa Shiloh, kwa sababu wikendi hii ilikuwa ya uamsho na timu ya walei ilikuwa imeingia mjini. Hawakuwa wahubiri. Walikuwa watu wa kawaida kutoka makanisa ya mbali, fundi umeme, nesi, wakulima, waliokuja kwa mafuta ya magari yao kusimulia jinsi Mungu alivyowaokota. Mgeni wa Hollis aliitwa Dewey Lackland. Ijumaa usiku, baada ya chakula, Dewey alisimama mbele ya kanisa zima akasema amewahi kumpasua mtu kichwa kwa chupa na kufungwa kwa ajili hiyo, na kwamba sasa yuko nje kwa masharti. Watu walilia. Wengine walimkumbatia.

Jumamosi asubuhi kikundi kidogo kilikutana sebuleni kwa Hollis, wakakaa duara, wakafunguliana mioyo. Mchana wanaume wakaenda kula pamoja ukumbini, wanawake kwa mchungaji. Hollis alibaki, akidai mgongo unamsumbua. Dewey aliporudi alimkuta chini ya ngazi za nyuma, kichwa kimepasuka kwenye saruji, mkono wa shati umechanika begani. Dewey ndiye aliyepiga simu. Shati lake lilikuwa na damu. Waliomkumbatia Ijumaa, kufika Jumamosi jioni walikuwa wanafunga milango.

"Mkono wa shati haujichani wenyewe," Garland alisema.

"Sijasema umejichana."

"Na huyu katikati ya chakula alitoka nje nusu saa nzima."

"Sijasahau. Ila ukimfunga pingu hata kwa siku moja, masharti yake yamevunjika. Anarudi kumalizia miaka yake yote. Nataka kuwa na hakika, Garland. Kesho tukigundua si yeye, hakuna wa kumrudisha."

Garland aliliangalia lile bakuli tena. Lilikuwa la kioo kizito, la kuokea, lenye maua ya buluu ubavuni na ufa mdogo kwenye mshikio.

"Mpaka watu wamalize kula," alisema. "Wageni wakianza kupakia mabegi, namchukua. Na uchane nywele, unaonekana kama mshukiwa."

Bakuli lile alilikuta Jumamosi kwenye friji ya Hollis, limejaa pudingi ya ndizi isiyoguswa. Alichota kwa kijiko akaonja. Jambo hilo halimo kwenye taratibu za upelelezi, lakini pudingi ya ndizi ina saa yake: biskuti za juu ikikaa hulowa. Hizi zilikuwa bado zinalia menoni. Alimimina sampuli kwenye chupa, akapiga picha, kisha akaligeuza.

Chini hakukuwa na jina. Kwetu hakuna bakuli linalokwenda kanisani bila jina. Kila mama anakata kipande cha selotepu ya karatasi, anaandika jina lake, anabandika chini, la sivyo utarudi nyumbani na bakuli la mwenzio na wiki nzima ipite mnanuniana. Hili lilikuwa na mraba wa gundi tu, mweupe, unaonata kidole. Selotepu ilikuwa imebanduliwa karibuni, na kioo kizima kimepanguswa na kitambaa.

Jumamosi jioni alilizungusha kwa wanawake kadhaa wa Shiloh, beji kifuani. Kila mmoja alilitazama bakuli, akaitazama beji, akasema halijui. Ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Wanawake wa Shiloh wanayajua mabakuli ya wenzao kuliko wanavyowajua wajukuu wao.

Elwood Fiske, mfamasia, mwenye sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya, alikuwa mlangoni akigawa ratiba za ibada. Jumamosi alikuwemo kwenye duara la sebuleni kwa Hollis.

"Ndugu Elwood, dakika moja."

"Nilishakueleza jana, Bi Ruthanne. Nilimsikia yule mtu kwa masikio yangu. Tulipokuwa tunavaa makoti, alimshika Mzee Hollis mkono akamwambia, 'Usithubutu.' Na macho yake hayakuwa mazuri."

"Usithubutu nini?"

"Sikusikia mengine. Hilo lilinitosha."

"Na kwenye duara, Hollis alisema nini?"

Fiske alizinyoosha ratiba zake, ambazo zilikuwa zimenyooka. "Kilichosemwa kwenye duara hubaki kwenye duara. Tulishikana mikono tukaahidi mbele za Bwana."

"Mtu yuko hospitali, Elwood."

"Na aliyempeleka huko anajulikana. Alichosema Hollis kilimhusu Hollis na watu wengine wa hapa. Hakina uhusiano."

"Watu gani wa hapa?"

Masikio ya mfamasia yalikuwa yameiva. Ruthanne alimwona akigeukia mshirika mwingine, akampa ratiba mbili badala ya moja.

Dewey Lackland walikuwa wamemweka kwenye chumba cha Shule ya Jumapili ya watoto, na askari kijana wa sherifu nje ya mlango. Alikuwa mtu mkubwa, mabega ya mbeba mizigo, amekaa kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, magoti yakimfikia kidevuni. Ruthanne naye hakuwa na kingine cha kukalia. Alijishusha taratibu, na goti la kushoto likalia kama kuni mbichi.

"Tukishindwa kuinuka hapa tutainuana," Dewey alisema.

"Uliifungua friji ya Mzee Hollis jana?"

"Asubuhi. Nilitoa maziwa ya kahawa."

"Ilikuwa na nini?"

"Maziwa. Mayai. Dawa zake za kisukari. Nusu kitunguu ndani ya kikombe. Friji ya mwanaume asiye na mke, mama."

"Pudingi ya ndizi?"

"Ningeiona. Ningekuwa nimeila."

"Kwenye kikundi mlikula nini?"

"Donati za dukani. Zilikuwa za jana yake."

"Nani alibeba bakuli?"

"Hakuna. Watu walikuja na Biblia."

Ruthanne aliitikia kwa kichwa polepole. Basi kuna mtu alikuja na bakuli baada ya hao wengine kutoka. Mtu wa hapa, maana mgeni aliyekuja na begi la nguo hapiki pudingi. Na alikuja kwa amani, kwa kuwa mtu anayekuja kukupiga haanzi kwa kuweka kitamutamu kwenye friji yako.

"Ulipotoka katikati ya chakula ulikwenda wapi?"

Dewey alijikuna shingo. "Nyuma ya makaburi. Kuvuta sigara."

"Jana hukusema."

"Ijumaa nilisimama mbele ya watu nikasema Bwana ameniondolea pombe. Wakapiga makofi. Sigara sikuitaja, na baada ya yale makofi sikujua nianzie wapi."

"Ulimwambia Hollis, 'Usithubutu.' Fiske alisikia."

"Alisikia nusu. Nilimwambia asithubutu kulifanya peke yake. Nilimwambia, mzee, nitasimama nawe."

"Kulifanya nini?"

Dewey aligeuza macho. Ukutani kulikuwa na safina ya karatasi, twiga wametoa shingo dirishani.

"Dewey. Kilichosemwa pale ndicho kitakachokutoa hapa."

"Inawezekana."

"Unarudi ndani."

"Najua."

"Una binti."

"Ninamjua binti yangu, mama. Mwaka huu ndio ameanza kupokea simu zangu. Nilimpigia jana nikamwambia huenda nisipatikane." Aliinamisha kichwa. "Tangu nizaliwe sijawahi kushika ahadi hata moja. Kwa mke, kwa hakimu, kwa mtoto. Hii ndiyo ya kwanza. Sasa nikiivunja ili nijiokoe mwenyewe, mimi ni yule yule wa zamani aliyevaa tai."

"Nitajie tu nani walikuwemo."

"Hilo si siri, waliingia kwa mlango wa mbele. Fiske. Wale mabwana wawili wa shamba la maziwa. Mwalimu wa kwaya. Na Bi Nadine Voss. Yule alinishika mkono wakati wa maombi. Mikono yake ilikuwa baridi kama chuma."

Ruthanne alitafuta pa kushika ainuke. Dewey alimpa mkono, akamvuta taratibu, kwa uangalifu sana. Ruthanne alilichukia jambo lile. Ni rahisi kumfunga mtu mbaya. Huyu alikuwa anamtia uchungu.

Ibadani alikaa benchi la mwisho, bakuli miguuni ndani ya mfuko wa karatasi. Benchi hilo ni la Wilma Teal, na kwa kawaida hukaliwa na Wilma Teal peke yake. Wilma alisogea kumpisha ingawa nafasi ilikuwa tele.

Jua lilikuwa linapita kwenye dirisha la vioo vya rangi upande wa kulia, lile la mchungaji na kondoo, na chini yake maandishi: kwa kumbukumbu ya Kip Voss. Hakuna mtu Cutler Springs asiyejua habari ile. Miaka ishirini na ushei iliyopita vijana wawili walikufa ndani ya gari moja kwenye kona ya mto, wamelewa, Kip mtoto wa Nadine na Lonnie mtoto wa Wilma. Lonnie ndiye aliyekuwa anaendesha. Hollis Braddock alisema hivyo, na Hollis ndiye aliyekuwa zimamoto wa kujitolea, wa kwanza kufika na tochi. Kip alipata dirisha. Mama yake Lonnie alipata benchi la mwisho.

Wakati wa kuitwa madhabahuni, wageni wa timu walisimama mbele mikono wazi, na watu wakaanza kutoka kwenye mabenchi, wakipiga magoti, wakilia. Nadine Voss hakutoka. Alikuwa kwenye benchi la pili, mgongo umenyooka, na alikuwa ameyakazia macho magoti yake.

"Hollis aliniambia Ijumaa nisikose leo," Wilma alinong'ona. "Alisema nikae mbele. Nikamwambia mimi nimezoea hapa."

"Hakukwambia kwa nini?"

"Hakusema. Alinishika bega. Hajawahi kunishika bega."

Ruthanne aliliangalia dirisha, akaliangalia bega la Wilma, akafumba macho. Ukweli ulikuwa umeshafika pale walipoketi. Yeye alikuwa amechoka tu kuufungulia mlango.

Lakini kujua si kuthibitisha. Bakuli lingepelekwa maabara ya jimbo likakae huko mpaka msimu ubadilike, na Dewey Lackland angekuwa anakula chakula cha gereza. Ibada ilipokwisha alipita mlango wa nyuma hadi ukumbini kabla ya watu.

Mabakuli ya Ijumaa yalikuwa kwenye meza ya dirishani, yameoshwa na kupinduliwa ili majina yaonekane, yakingoja wenyewe. Ruthanne alilipindua lake katikati yao. Akavua beji akaitia mfukoni. Kisha akachukua kikombe cha kahawa akaegemea ukuta, mwanamke wa makamo aliyechoka, ambavyo ndivyo alivyokuwa.

Watu waliingia na njaa zao. Foleni ilipita kwenye nyama ya nguruwe, kwenye viazi, kwenye makaroni ya jibini, kwenye kuku. Mwisho wa meza kulikuwa na maharage mabichi ya Wilma Teal, yenye vitunguu vya kukaanga juu, na kijiko kisafi pembeni. Foleni iliyaruka. Hakuna aliyeamua kuyaruka. Mkono ulifika pale, ukakumbuka kitu kingine, ukaenda kwenye mikate. Ndivyo ilivyokuwa kila karamu tangu ule msiba, na Wilma hakuacha kuyaleta.

Kisha akaja Dewey, kijana wa sherifu nyuma yake. Alijaza sahani nusu nzima kwa maharage.

"Ndiye aliyekula Ijumaa," Wilma alisema. Alikuwa amesimama karibu na Ruthanne na taulo la vyombo begani. "Mara mbili. Akaniambia chumvi imezidi kidogo. Garland anamchukua?"

"Nadhani."

"Mtu anayemwambia mwenyeji chumvi imezidi hawezi kuwa mwongo mkubwa."

"Wewe walikuuliza chochote jana, Wilma?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu chochote."

"Mimi nani aniulize?" Wilma alisema, bila uchungu wowote, akaenda kwenye sinki ya jikoni, mlango ukiwa wazi.

Nje milango ya magari ilianza kufunguliwa. Wageni walikuwa wanapakia. Garland aliingia, akamtazama Ruthanne kutoka upande wa pili wa ukumbi, akagonga saa yake kwa kidole.

Wanawake walianza kujichukulia vyombo. Walisoma majina, walicheka, waliulizana mapishi. Wale aliowahoji jana waliliona bakuli la maua ya buluu mara moja. Ruthanne aliona jinsi kila mmoja alivyochukua lake akaondoka haraka kidogo. Meza ilipungua. Nadine Voss alikuja akiwa wa mwisho mwisho, koti limefungwa vifungo vyote. Alichukua trei yake ya nyama. Macho yake yalipita juu ya lile bakuli bila kusimama, akageuka kuelekea mlangoni.

"Nadine," Wilma aliita kutoka kwenye sinki, mikono ina povu. "Umesahau bakuli lako."

Nadine alisimama. "Si langu."

"Lako, mama. Lile la maua ya buluu." Wilma alijipangusa mikono, akaja mezani, akaliinua. "Angalia ufa huu hapa. Uliniletea kuku na wali ndani yake wiki ile ya msiba. Wewe nawe mwanao amelala kaburini, ukaja kwangu na chakula. Hakuna mwingine aliyekuja. Nitalisahauje? Nililirudisha na keki." Alilinyoosha mbele. "Jina limebanduka tu."

Ukumbi ulikuwa bado una kelele upande wa pili, lakini pale dirishani palikuwa pametulia. Nadine hakulipokea. Trei ya nyama ilianza kumponyoka, na Ruthanne akaichukua kabla haijaanguka.

"Njoo jikoni, Bi Nadine," alisema. "Njoo ukae."

Jikoni kulikuwa na kiti kimoja. Nadine alikikalia. Wilma alifuata nyuma na bakuli kwa sababu hakuna aliyemwambia asifuate, na Ruthanne, aliyeamua jambo hilo katika hatua mbili tatu, hakumwambia. Dewey alikuwa ametokea mlangoni na sahani yake. Kijana wa sherifu alikuwa anatafuna kuku.

"Pudingi ulikuwa umeipika kwa ajili ya chakula cha wanawake, kwa mchungaji," Ruthanne alisema. "Badala yake ukampelekea Hollis."

"Mtu haendi kwa mtu mikono mitupu," Nadine alisema.

"Haendi."

"Nilimwomba tu. Nilimwambia, Hollis, mimi nimebakiwa na dirisha tu. Baba yake Kip ameshakufa, mimi nami siko mbali. Ngoja nife, kisha useme utakalo. Akasema hawezi kungoja, naye pia anakufa. Akatoka mlango wa nyuma ili asinisikie. Nikamshika mkono wa shati." Aliitazama mikono yake. "Alijivuta. Ni hivyo tu. Alijivuta na mimi nikawa nimeshika kitambaa."

"Kwa nini hukuita gari la wagonjwa?"

"Nilijua mgeni wake anarudi."

"Na bakuli?"

"Nitoke nyumbani kwake na bakuli limejaa, mchana kweupe? Mtaa mzima ungeniuliza kulikoni. Mikono mitupu hakuna anayeikumbuka."

"Kwa hiyo ulibandua jina, ukapangusa, ukaenda kula. Na tangu jana umekaa kimya watu wakimnyooshea huyu kidole."

Nadine aliinua macho, akamwona Dewey mlangoni. Dewey hakuonyesha hasira yoyote. Alikuwa anafanana na mtu aliyeteremshiwa gunia mgongoni, asijue bado jinsi ya kusimama.

"Wewe ulijua," Nadine alimwambia. "Tangu jana ungeweza kusema Hollis alichosema. Wangenijia moja kwa moja."

"Nilikuahidi, Bi Nadine. Ulikuwa umenishika mkono."

Nadine alianza kulia, kilio kisicho na sauti, mdomo wazi.

"Hollis alisema nini?" Wilma aliuliza.

Wilma aliwatazama mmoja mmoja, taratibu. "Aliniambia nikae mbele. Alisema nini?"

Ruthanne amewahi kuwaambia watu habari za vifo kwenye milango mingi, na angechagua mlango wowote kati ya hiyo kuliko jiko hili. Alifungua mdomo, lakini Nadine alimtangulia.

"Kip ndiye aliyekuwa anaendesha, Wilma."

Bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji.

"Hollis aliwahamisha kabla wengine hawajafika. Kwa ajili ya baba yake Kip, aliyekuwa rafiki yake. Alisema wote wameshakufa, haina tofauti." Alivuta pumzi. "Mimi nilijua tangu wiki ile. Gari lilikuwa letu, na Kip hakuwa anampa mtu funguo. Ndiyo maana nilikuletea chakula."

Wilma Teal alisimama na lile bakuli kifuani kama alivyolishika mwanzo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na pale walikuwa wazazi wawili, lakini mmoja wao tu ndiye aliyekuwa amebebeshwa wote.

"Lonnie alikuwa wapi?" aliuliza.

"Kiti cha abiria. Hollis alisema kwa alivyomkuta, alikuwa amelala."

"Amelala."

"Ndivyo alivyosema."

"Nimemkasirikia mwanangu miaka yote hii," Wilma alisema. "Kila usiku. Naye alikuwa amelala."

Garland aliingia akiwa na pingu mkononi, akamwendea Dewey. Ruthanne alinyoosha mkono akamsimamisha kifuani, akatikisa kichwa, akamwonyesha kiti. Garland aliangalia kitini. Alivua kofia. Yeye naye alikuwa akila keki za Nadine Voss tangu akiwa na kaptura.

"Mwache huyu aende," Ruthanne alisema. "Wenzake wanamngoja."

Lakini Dewey hakuondoka. Aliweka sahani juu ya meza, akaenda akachuchumaa mbele ya kile kiti, akampa Nadine mkono, na Nadine akaushika.

Ruthanne alitoa mfuko wa vielelezo, akaufungua. "Wilma," alisema kwa upole. "Nitalihitaji hilo bakuli."

"Ngoja."

Wilma aliliweka mezani kifudifudi. Alivuta droo ya pili, ambamo selotepu ya kanisa imekaa tangu kanisa lijengwe, akakata kipande kwa meno. Alitafuta kalamu. Aliandika taratibu, herufi kubwa, kisha akakibandika juu ya ule mraba wa gundi, sawasawa na kona zake, akakipitishia kidole gumba mara mbili ili kishike.

VOSS, kiliandikwa.

"Sasa lichukue," alisema. Akatoka jikoni kwenda mezani kuangalia kama kuna aliyekula maharage.